Mama, wananikopesha tena

Safu hii huandikwa na mama aliyepika kwa miaka 14 katika kambi ya timu moja ya Ligi Kuu. Siku hizi huwajibu wachezaji, wake zao na wazazi wao.

*Shikamoo Mama,*

*Mimi ni winga wa kushoto, nina miaka 22, kwetu Tanga. Misimu miwili iliyopita nilisaini mkataba wa miaka mitatu na timu kubwa ya Dar es Salaam. Siku ninatambulishwa, mtaa mzima nyumbani walikuwa na picha yangu kwenye simu zao. Wewe umekaa kambini, kilichofuata huhitaji kusimuliwa. Mbele yangu kulikuwa na mawinga watatu, wawili wa kutoka nje, na msimu wote wa kwanza nilicheza dakika 41 za ligi. Nazijua kwa sababu nilikuwa naziandika kwenye daftari.*

*Dirisha dogo la usajili, katikati ya msimu uliopita, wakanitoa kwa mkopo kwenda timu moja ya Nyanda za Juu Kusini. Hata ofisini sikuitwa, nilipigiwa simu nikiwa kwa kinyozi. Kabla sijamwambia mama, akasikia redioni akiwa dukani ananunua unga. Akanipigia analia: "Mwanangu, mimi ndiye niliyekuzaa, hao wanakukopesha walimuuliza nani? Na wasipokurudisha je?" Siku ile nilicheka. Sasa hivi sicheki.*

*Kule nilicheza mechi 11, nikafunga mabao mawili, halafu nikaumia kifundo cha mguu mazoezini na kukaa nje wiki saba. Mishahara ya miezi mitatu ya mwisho sijaiona mpaka leo. Timu ile inaniambia nikadai kwa wenye mchezaji. Wenye mchezaji wananiambia nikadai kule nilikochezea. Nimekuwa mpira wa kona, kila mtu anaupiga kichwa utoke kwake.*

*Sasa tumeanza maandalizi ya msimu mpya, na meneja ananiambia natoka tena kwa mkopo, msimu mzima, kwenda timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, Kanda ya Ziwa. Nikamuuliza kocha mpya amesemaje kuhusu mimi. Akajibu, "Kocha bado hajakuona." Wenzangu kambini wameshanipa jina, wananiita Kausha Damu, kama ile mikopo ya mtaani. Mjomba ana daladala, anasema nirudi nikamsimamie. Baba wa mchumba wangu aliniuliza nachezea timu gani, nikamtajia, akasema, "Hiyo ya mwaka jana au ya mwaka huu?"*

*Mkataba wangu umebakiza mwaka mmoja. Niende? Nigome? Au niombe barua ya kuachwa niwe huru? Na niambie ukweli, Mama, kuna mtu aliyefika mbali kwa kukopeshwakopeshwa?*

*Kausha Damu, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mama yako, kwa sababu swali lake ndilo zuri kuliko maswali yako yote. Kwetu sisi wapishi, kuazima ni kitu kimoja na kukopa ni kingine. Ukiazima sufuria la jirani, unarudisha sufuria lilelile, na likirudi limetoboka mtagombana. Ukikopa kilo mbili za mchele, mchele ule umeliwa, utakaorudisha ni mwingine. Wenye mpira wangeweza kusema wachezaji wanaazimwa. Wakasema wanakopeshwa. Sidhani kama kuna aliyekaa chini akalifikiria, lakini neno limewaketi. Ukirudi winga yuleyule wa dakika 41, basi mchele umeliwa na deni limebaki.

Nimewapikia vijana wengi wa mkopo. Walikuwa wanafika usiku, mara nyingi na basi, wakati mimi nimeshafunika masufuria. Nakumbuka beki mmoja wa kati, mrefu, kijana wa heshima. Alikaa kwetu miezi mitano na begi lake halikufunguliwa hata siku moja. Kila asubuhi anafungua zipu kidogo, anachomoa soksi kwa pembeni, anafunga. Akila haeleweki, ukimuuliza anasema ameshiba. Wenzake walimcheka. Mimi nilikuja kumwelewa baadaye, pale aliponieleza kwamba siku anaondoka timu yake ilimwambia, "Nenda kwa wiki mbili tu, tutakuita." Kijana alikuwa anasubiri simu. Mazoezini alikuwa anasikiliza simu, mezani anasikiliza simu. Hakuna aliyepiga. Na kwa kipaji, nakuapia, alikuwa anawazidi mabeki wote tuliokuwa nao.

Ndiyo maana sitakuambia "nenda ukapambane" kama wanavyopenda kusema watu wasiodaiwa kodi. Kwanza ujue unakwenda kufanya nini huko.

Tazama karatasi yako. Mkataba umebakiza mwaka mmoja, na mkopo ni wa msimu mzima. Siku mkopo unaisha, na mkataba nao unaisha. Hapo utarudi wapi? Timu inayotaka mchezaji arudi humwongezea mwaka kabla hajapanda basi, ili asije akaondoka bure baada ya wao kumgharamia. Kwa hiyo ingia ofisini, kwa adabu, umwambie meneja: niko tayari kwenda, tuongeze mwaka mmoja kwanza. Jibu lake litakuambia yote unayotaka kuyajua. Akikubali, wana nia na wewe. Akianza kukuna kichwa, ujue ndiyo wanakutoa kwa mlango wa nyuma, na wala usilie.

Usilie kwa sababu mlango ule una faida yake. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake kusaini na timu nyingine atakayoichezea mkataba huo ukishaisha. Maana yake, ikifika nusu ya pili ya msimu, unaweza kuzungumza na timu yoyote, na hakuna wa kukushika shati. Lakini timu hiyo itakuuliza: miezi sita hii umecheza wapi? Ndiyo maana sikushauri uombe barua ya kuachwa leo. Barua utapewa, pengine hata kwa furaha. Halafu? Utatembea mjini na dakika 41 na mechi 11 na kifundo kilichotoka kupona, ukigonga milango ya makocha ambao vikosi vyao vimeshajaa. Mchezaji huru asiyecheza ni mtu anayetafuta kazi tu.

Kugoma nako kunawezekana. Mkopo ni makubaliano ya watu watatu, timu mbili na wewe, na bila saini yako haupo. Hilo wengi hamlijui, mnapigiwa simu kwa kinyozi mnaitika "sawa bosi". Ila ukigoma, ujue utafanya mazoezi na timu ya vijana mpaka msimu uishe. Nimeshawapikia na hao pia. Saini yako ndiyo mpira pekee ulio mguuni mwako kwa sasa, usiupige nje na usiutoe bure.

Sasa hiyo Championship inayokuuma. Umeandika kana kwamba unapelekwa jela. Kuna Mkenya mmoja nikueleze habari zake, Michael Olunga. Alitoka Gor Mahia akaenda Sweden, akaenda China, na kutoka China akatolewa kwa mkopo kwenda Girona ya Hispania. Januari 2018 akaifunga Las Palmas mabao matatu katika mechi moja ya La Liga, ligi kuu ya Hispania. Mtu ungedhani hapo maisha yameshanyooka. Msimu ulipoisha, Girona hawakumbakiza. Akaenda Japani, Kashiwa Reysol, na mwaka uleule timu ikashuka daraja. Kwa hiyo mwaka 2019 mtu aliyefunga mabao matatu La Liga alikuwa anacheza daraja la pili la Japani. Novemba mwaka huo Kashiwa iliifunga Kyoto Sanga 13 kwa 1, na Olunga peke yake alifunga manane. Sijakosea, manane. Wakapanda, na msimu wa 2020 akafunga mabao 28 katika ligi kuu ya kule, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi. Qatar wakaja kumchukua.

Mabao manane yale hayakufungwa Girona kwenye uwanja uliojaa kamera. Ningekuwa wewe ningeyaandika kwenye lile daftari lako, ukurasa unaofuata zile dakika 41.

Umeniuliza kama kuna aliyefika mbali kwa kukopeshwakopeshwa, na najua unataka nimtaje Harry Kane, yule mshambuliaji wa England, kwa hiyo namtaja. Tottenham, timu yake ya London, walimtoa mara nne. Leyton Orient mwaka 2011 akiwa na miaka 17, daraja la tatu, akafunga mabao 5. Millwall mwaka 2012, akafunga 9, na pale ndipo walipoanza kumwona mwanamume. Norwich akavunjika mfupa wa mguu, msimu ukaharibika. Leicester mwanzoni mwa 2013, akafunga mawili tu, na zilipofika mechi za mchujo wa kupanda daraja dhidi ya Watford alikuwa benchi, na kwenye benchi hilohilo alikuwepo Jamie Vardy, mshambuliaji mwingine aliyekuja kuvuma. Leo watu wanaichekea picha ile. Siku ile hakuna aliyecheka, walitolewa. Kane akarudi Tottenham na bado akasubiri karibu mwaka mzima, hadi Aprili 2014, ndipo akaanza kupangwa kwenye ligi. Alipoondoka kwenda Ujerumani alikuwa ameifungia timu ileile mabao 280, na hakuna aliyewahi kuwafungia zaidi.

Ila usijidanganye na Kane. Kwa kila Kane mmoja kuna vijana ambao majina yao nayajua mimi na wazazi wao tu. Ninachotaka ukione kwake ni kwamba mkopo wa tatu na wa nne ulikuwa mbaya kuliko wa pili. Safari haikuwa ngazi. Wewe umecheza mechi 11 ukaumia, unaona umeshindwa. Mimi naona ulikuwa unapangwa mpaka siku uliyoumia. Hiyo ni tofauti kubwa, na meneja wako anapaswa kukumbushwa.

Na hao wanaokuita Kausha Damu, waulize nahodha wetu wa Taifa Stars naye wamwiteje. Samatta alikuwa mfungaji bora wa Genk ya Ubelgiji, na ubingwa wa ligi mkononi, mwaka 2019. Januari 2020 akatua Aston Villa ya England, Machi mosi akamfunga Manchester City kwa kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi Wembley, Watanzania tukalala saa nane. Septemba mwaka uleule akapelekwa Fenerbahçe ya Uturuki kwa mkopo. Wakamnunua, kisha wao nao wakamkopesha Antwerp ya Ubelgiji, na msimu uliofuata wakamkopesha Genk, kulekule alikotokea. Na mpira una vituko: Juni 2023, siku ya mwisho ya ligi, akiwa mchezaji wa Genk, ubingwa ukachukuliwa na Antwerp kwa bao la dakika za nyongeza. Mwaka huo akaenda PAOK, na msimu wake wa kwanza tu akawa bingwa wa Ugiriki. Alikuwa anakopeshwa akiwa na miaka 28, 29, mtu mzima mwenye watoto, na kila akiitwa timu ya taifa anavaa kitambaa cha unahodha. Kwa hiyo utani wa kambini ule pamoja na wali.

Turudi kwenye fedha, maana hapa ndipo nilipokasirika. Nimemuuliza mwanasheria mmoja wa michezo ninayemwamini. Ameniambia hivi: kwa kanuni za FIFA, mchezaji akiwa kwa mkopo, mkataba wake na timu mama unalala mpaka arudi, isipokuwa kama wameandikiana vinginevyo. Hivyo anayedaiwa mshahara wako ni yule aliyetajwa kwenye karatasi ya mkopo kwamba ndiye atakayelipa. Karatasi hiyo unayo? Nina wasiwasi huna. Kaidai nakala klabuni, ni haki yako, uliisaini. Kama imeandikwa timu ya Nyanda za Juu italipa yote, waandikie wao barua ya madai, yenye kiasi, miezi, na siku 15 za kulipa. Kama imeandikwa mnagawana, barua mbili. Iwe barua yenye muhuri wa kupokelewa, isiwe ujumbe wa sauti WhatsApp. Wakikaa kimya, nenda kwa SPUTANZA, chama chenu cha wachezaji, wakusaidie kulifikisha suala kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF, shirikisho la soka. Anza wiki hii, kabla hujasafiri. Madai ya mpira yana muda wake, ukichelewa yanafungwa.

Na kwenye mkopo huu mpya, usisaini mpaka uone kwa maandishi nani analipa mshahara, nani analipa matibabu ukiumia, na kama timu yako ina haki ya kukurudisha dirisha dogo. Hilo la mwisho linakata pande mbili. Likiwepo, ukiwaka wanaweza kukuita. Lakini pia wanaweza kukung'oa mahali ulipozoea wakaja kukukalisha. Mimi ningependa liwepo kwa sharti la wewe kukubali. Na ukikosa mishahara miwili safari hii usisubiri wa tatu, kanuni zinakuruhusu kuwaandikia na kuwapa hizo siku 15, wasipolipa unaweza kuvunja mkataba kwa haki.

Kuna jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote niliyosema. Mtafute kocha wa hiyo timu ya Kanda ya Ziwa, umpigie mwenyewe. Usimuulize kama atakupanga, hilo kila kocha husema ndiyo. Muulize, "Kocha, kushoto kwako msimu uliopita alikuwa anacheza nani, na yuko wapi sasa?" Akikujibu kwamba ameondoka na yeye ndiye aliyekuomba kwa jina, funga begi. Akikujibu, "Wewe ni nani vile?", basi umeokotwa na viongozi wawili kwenye chai, rudi kwa meneja umwambie mtafute timu nyingine. Nimeona mikopo ya aina zote mbili ikishuka kwenye basi moja. Yule aliyeombwa na kocha nilikuwa namjua kabla hajajitambulisha, maana mchana wake kocha alikuwa ameshapita jikoni kuuliza kama chakula cha mgeni kipo.

Ukifika, fungua begi usiku uleule. Kifundo chako kaonyeshe daktari kabla ya kusaini, na majibu uyatunze. Ukanda wa Ziwa samaki ni rahisi, mwambie mpishi wa kule akupe sato wa kuchemsha badala ya chipsi, na umsaidie kuosha sahani siku moja moja. Atakuwekea ya ziada.

Mjomba muage vizuri. Daladala haina umri, na miguu ya winga inao. Mpe msimu huu mmoja, na ukifika Mei huna timu wala mkataba, kakae naye mzungumze kama watu wazima, si aibu. Baba mkwe usimjibu kwa maneno, malizia mahari kwa hiyo mishahara mitatu ukiipata.

Na mama yako mpigie leo. Usimwambie unakopeshwa, mwambie umepata timu utakayocheza, mtajie mji, mtajie na siku ya kuondoka. Majina ya usajili yatasomwa redioni muda si mrefu, na yeye unga ananunua kila wiki.